Tugonge nyundo kwanza kabla ya kuwasha kiberiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki mbili zilizopita akitaka boti zote kuukuu za faiba zilizotelekezwa pwani zikusanywe na zichomwe moto. Hoja yake siipuuzi. Boti iliyoachwa wazi hujaa maji ya mvua, maji hayo huzaa mbu, na watoto wetu huchezea ndani yake bila ya kujua kwamba kingo zilizovunjika hukata kama chupa. Lakini mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia niliyetumia miaka minne, pamoja na sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu, kuifufua yoti moja, boti ya tanga ya matembezi, ya faiba kama hizo, hapa Mkokotoni, na naona yapo mambo yafaayo kujulikana kabla hatujafika huko kwenye moto.

Faiba si ubao. Ni nyuzi za kioo zilizolowekwa katika rezini ya poliesta, zikapangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu mpaka zikashikana na kuwa gamba moja. Ukiitia moto, rezini huungua kwa moshi mweusi mzito wenye sumu, na kioo hakiungui. Hubakia chini kama gunia lililokauka, upepo ukakivunjavunja na kukitawanya mchangani na baharini. Ukiizika, haiozi. Nchi zilizotutangulia katika boti hizi zimeshafikwa na tatizo hilo, na Ufaransa tangu 2019 huwatoza mchango wauzaji wa boti mpya ili zipatikane fedha za kuzivunja kuukuu kwa utaratibu. Sisi hatuna utaratibu huo, kwa hiyo boti tusiyoivunja vizuri ni bora tuitumie vizuri.

Na kutumika zinaweza. Yoti za faiba zilianza kuundwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1950. Triton, yoti ya Kimarekani iliyochorwa na Carl Alberg na kuonyeshwa New York mwezi wa Januari 1959, iliundwa kwa mamia, na baadhi yake bado zinatweka tanga hadi leo. Waundaji wa wakati ule walikuwa hawajaizoea mali hiyo, wakaona bora wazidishe tabaka kuliko kupunguza, na ndiyo maana magamba mengi ya zamani ni manene kuliko ya boti zilizokuja baadaye. Kinachoharibika kwanza katika boti hizi aghalabu si gamba lenyewe. Ni vile vilivyofungiwa juu yake na vilivyofichwa ndani yake.

Yoti yangu ina urefu wa futi 26, iliundwa Uingereza katika miaka ya 1970, na ina mikuku miwili, yaani mapezi mazito chini ya gamba, mmoja kila ubavu, jambo ambalo kwa pwani yetu ni neema, kwa sababu maji yakipwa husimama yenyewe juu ya tope bila ya kutiwa magadi, ile miti ya kuegemezea chombo. Mgeni aliyekuja nayo aliondoka kwa ndege, akaiacha kwenye mikoko kwa miaka tisa. Nilimwandikia, akanipa kwa hati iliyoandikwa na kutiwa saini, nikaipeleka hati hiyo kwa Sheha ili pasije pakasemwa kwamba maalim amejitwalia chombo cha watu. Kisha nikangoja bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hufikia kiasi cha mita 4 wakati wa bamvua, na kwa maji hayo tuliisogeza mpaka pahali ambapo maji mafu hayaifikii, wanaume kumi na wawili na kamba mbili.

Katika hao kumi na wawili alikuwemo fundi mmoja mzee wa Kitumbatu ambaye ameunda na kutengeneza mashua na majahazi tangu ujana wake. Aliingia ndani, akapapasa kuta, akatoka na kuniuliza, "Maalim, chombo hichi hakina mataruma. Kinashikwa na nini?" Swali hilo lilinitosha kwa mwezi mzima. Katika jahazi, mbao hushikwa na mataruma, zile mbavu za ndani, na mataruma hushikwa na mkuku. Ukiutazama mfupa mmoja wajua kazi yake. Katika faiba, gamba lenyewe ndilo mfupa, kwa mkunjo wake, na viambaza vya plaiwudi vilivyounganishwa nalo kwa vitambaa vya kioo na rezini ndivyo vinavyolizuia lisijikunje. Tulipovitazama kwa tochi tuliona viambaza viwili vimeachana na gamba upande wa kulia. Anayepita pwani akiitazama yoti ile angesema nje nzima, ndani nzima. Kumbe baharini ingekuwa inapumua kama kikapu.

Mzee huyo huyo ndiye aliyeanza kugonga. Alichukua nyundo ndogo, akapita sitahani hatua kwa hatua, kama anavyogonga ubao wa jahazi kutafuta palipooza. Palipo pazima pakalia ko, ko, kikavu. Palipoharibika pakalia bu, kama kugonga godoro. Nikawa namfuata na chaki. Tulipomaliza, karibu theluthi moja ya sitaha ilikuwa nyeupe kwa chaki.

Sababu yake ni hii. Sitaha ya yoti nyingi za wakati ule si faiba tupu. Ni ngozi mbili nyembamba za faiba, na baina yake kuna kiini cha mti mwepesi uitwao balsa au cha plaiwudi, ili sitaha iwe ngumu bila ya kuwa nzito. Kila bolti ya nguzo za ukingo, kila skrubu ya kishikizo cha kamba, ni tundu lililopita katika kiini hicho. Dawa ya kuzuia maji katika matundu hayo hudumu miaka kadhaa, kisha hukauka, na maji huingia tone kwa tone mpaka kiini kikawa uji. Niliikata ngozi ya juu kwa grenda, nikakichota kiini kwa mwiko, nikaiacha sitaha wazi chini ya paa la makuti mpaka ikakauka, nikapanga vipande vya plaiwudi ya baharini vilivyolowekwa epoksi (rezini ya aina nyingine, ishikayo kama gundi), nikairudisha ngozi. Kisha kila tundu la bolti nililitoboa kwa keekee pana kuliko bolti yenyewe, nikalijaza epoksi, ikikauka nalitoboa tena katikati yake kwa ukubwa wa bolti, ili hata siku dawa itakapokauka maji yakute epoksi badala ya mti. Kazi hiyo peke yake ilinichukua miezi saba.

Hapo nilijifunza pia jambo ambalo mchana wetu hulificha. Nilikuwa nikianza kazi asubuhi, kwa ubaridi, na kila mara epoksi juu ya plaiwudi ilikauka ikiwa na vipovu tele. Kumbe jua linapopanda, hewa iliyomo ndani ya mti hutanuka na kutoka, ikiitoboa epoksi kabla haijashika. Nikabadilisha saa, nikawa naanza baada ya sala ya alasiri, joto linapoanza kushuka, na mti ukawa unaivuta epoksi ndani badala ya kuisukuma nje. Vipovu vikaisha.

Chini ya mstari wa maji kulikuwa na balaa la pili. Gamba lilijaa malengelenge, mengine kama punje ya mtama, mengine kama sarafu. Nililitoboa moja kwa ncha ya kisu, maji yakanirukia, yakanuka siki. Fundi wangu alisogea, akanusa, akauliza kama yule mgeni alikuwa akichukua achari. Nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza katika kazi ile kemia ilinisaidia. Rangi ngumu ya nje, ile iitwayo jelikoti, haiyazuii maji kabisa. Hupenya polepole, mwaka hadi mwaka, yakakuta ndani mabaki ya rezini ambayo hayakushikana vyema siku boti ilipoundwa, yakayayeyusha, na ule mchanganyiko mzito wenye asidi ukawa unavuta maji mengine kupitia jelikoti, kama kunde zilizorowekwa zinavyoyavuta maji mpaka zikafura. Kupaka rangi juu yake ni kuuficha ugonjwa. Niliiondoa jelikoti yote ya chini, nikawa naliosha gamba kwa maji matamu kila siku kwa wiki nyingi, kwa sababu mabaki yale hayakaushwi na jua, huondoshwa kwa kuoshwa tu. Halafu ndipo nikangoja gamba likauke.

Kungoja huko ndiko kulikonishinda mara ya kwanza. Nilianza mwezi wa Februari nikidhani nitawahi, masika yakanikuta njiani, na unyevu ukarudi ulikotoka. Mwaka uliofuata nilianza mapema, mara vuli ilipokatika, nikaupata msimu mzima wa kaskazi. Kujua kama limekauka si lazima uwe na kifaa cha bei. Bandika kipande cha nailoni safi juu ya gamba, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache siku moja na usiku wake. Ukikuta jasho ndani ya nailoni, subiri. Mimi nilikuta jasho kwa wiki tano. Ilipokuja nailoni kavu niliipiga picha, jambo ambalo mke wangu hulisimulia kwa wageni hadi leo.

Nieleze sasa kosa langu kubwa, maana wapo vijana wanaofanya kazi hii kwa kuangalia tu. Rezini ya poliesta hugeuka kuwa ngumu kwa kutiwa hadina, na kipimo chake ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini. Hesabu hiyo niliijua. Nisichokifikiria ni kwamba mchanganyiko hutoa joto wenyewe, na kwamba ukiwa mwingi katika chombo kirefu joto halipati pa kutokea. Siku moja ya mwezi wa Machi, joto likiwa limepita nyuzi 30, nilichanganya karibu ndoo nzima ili niwahi. Kabla sijapaka robo yake ndoo ilianza kufuka moshi, ikalainika ubavu mmoja, na tukaisukuma kwa jembe mpaka mchangani. Tangu siku hiyo hupima kwa mizani ya jikoni, kidogo kidogo, na kumimina katika sinia ili joto litawanyike. Katika joto letu asilimia 1 yatosha, lakini kupunguza chini ya hapo kwa kutaka muda zaidi ni kosa jingine, kwa sababu rezini haitashika barabara hata ikikaa mwaka.

Hadina hiyo ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Nimeona duka moja likiipima na kuiuza katika chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, bila ya alama yoyote. Nilimwambia muuzaji, akacheka, akaniambia wateja wote wanaijua kwa harufu. Mtoto wa miaka mitatu haijui kwa harufu. Na vumbi la faiba, ambalo mafundi wengi hulichukulia kuwa ni washawasha wa siku moja tu, ni vumbi la kioo. Barakoa ya kitambaa haitoshi, na mikono mirefu na miwani si anasa.

Kuhusu injini sitasema mengi: niliiuza chuma chakavu. Vali za chini zilikuwa za shaba ya njano ambayo bahari ilikuwa imeshaila zinki yake, ikabakia nyekundu na kumeguka kama biskuti, nazo zote zilibadilishwa. Bolti za mikuku tulizitoa moja moja, tukatia mpya, na gamba linalozizunguka likaongezwa tabaka kwa ndani. Ninalotaka kulikawilia kidogo ni chuma kisichoshika kutu, kwa sababu jina lake linatudanganya. Chuma hicho hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji hewa, na kikifichwa mahali penye unyevu pasipo na hewa huliwa ndani kwa ndani huku uso wake unang'aa. Vile vipande vinavyopita katika sitaha na kufungiwa waya za mlingoti vilikuwa safi juu na safi chini. Nilipovichomoa, pale katikati palipozamishwa sitahani, kimoja nilikivunja kwa mikono. Mlingoti mzima ulikuwa umeshikwa na kitu kile. Waya zenyewe wajuzi hushauri zibadilishwe baada ya miaka 10 hadi 15 hata kama hazionyeshi dosari, nami nilizibadilisha zote.

Sasa narudi kwa msomaji mwenzangu. Tangu yoti ilipoanza kupendeza, wavuvi huniletea boti zao za faiba, na karibu zote zimetengenezwa kwa namna moja: ufa umezibwa kwa ile dawa ya kunyooshea bodi za magari, ukapigwa msasa, ukapakwa rangi. Dawa hiyo hunyonya maji na haina nyuzi za kuubeba mzigo, kwa hiyo baada ya miezi michache hubanduka, na ufa hurudi ukiwa mrefu zaidi. Ufa wa faiba hutengenezwa kwa kuuchonga mteremko pande zake, angalau mara 12 ya unene wa gamba, yaani gamba la milimita 6 litake mteremko wa milimita 72 kila upande, kisha tabaka za kioo zipangwe humo moja baada ya moja. Ukitumia epoksi juu ya poliesta, itashika; ukitumia poliesta juu ya epoksi iliyokwisha kukauka, usiitegemee. Haya si mambo magumu. Fundi wangu wa Kitumbatu, ambaye hakusoma kemia hata siku moja, aliyashika kwa mwezi mmoja na sasa mkono wake ni mzuri kuliko wangu.

Katika mipango ya uchumi wa buluu wavuvi na wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba wamepewa boti nyingi za faiba. Mimi naziona zinapita kila siku baina ya hapa na Tumbatu, mpya, zina rangi nzuri. Boti hizo nazo zitapata nyufa, zitatobolewa na miamba ya matumbawe, na bolti zake zitavuja. Jahazi lilipotuharibikia tulikuwa na mtu wa kutia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, katika kila kijiji cha pwani. Kwa faiba tuna makopo ya dawa ya magari. Kituo cha mafunzo ya amali kipo hapa hapa Mkokotoni, kipo Mwanakwerekwe, na Pemba kipo Vitongoji. Ombi langu kwa wanaohusika ni kwamba kutengeneza faiba kupewe somo kamili lenye mizani, barakoa na mtihani wake, na kwamba magamba hayo yanayotakiwa kuchomwa yawe ndiyo madaftari ya wanafunzi. Kijana akikosea kwenye boti iliyotupwa hakuna mvuvi atakayezama.

Sisemi kila gamba linafaa kufufuliwa. Mwaka jana niliitwa kutazama boti nyingine kaskazini ya hapa. Shina la mkuku wake lilikuwa limechanika toka upande hadi upande na kiini cha gamba lenyewe kimeoza, nikawaambia wenyewe waikate vipande, na mlingoti wake wauuze. Wala simshawishi mtu aifanye kazi hii kwa kutaka nafuu. Nilikadiria mwaka mmoja, ikawa minne. Fedha nilizotumia zingeninunulia boti nyingine iliyo tayari kutweka tanga, na hesabu hiyo naiweka mbali na nyumbani.

Ninachopendekeza kwa masheha na kwa wenzetu wa mamlaka zinazosimamia vyombo vya baharini ni kwamba kabla boti yoyote kuukuu haijachomwa, tangazo libandikwe kwa mwezi mmoja shehiani, mwenyewe atafutwe, na mtu anayejua aipitie kwa nyundo na chaki. Ikilia bu kila mahali, ivunjwe, lakini kwa msumeno, si kwa moto. Mimi na fundi wangu tuko tayari kuja kugonga bila ya malipo popote baina ya Mkokotoni na Nungwi, mradi tupatiwe nauli, na isiwe wakati wa bamvua la mwezi ujao, kwa sababu yoti bado inaingiza tone moja kila dakika mbili kwenye mhimili wa usukani, nasi tumepanga kuipandisha tena tulitafute.

Mwalimu mstaafu,
Mkokotoni, Unguja